Maswali na Majibu: Kibodi Isiyo na Waya Inapogoma kwenye Diski ya Uokoaji

Barua nyingi za mwezi huu zina kilio kimoja. Kompyuta imegoma, bakapu ipo, diski ya uokoaji ipo, lakini kibodi au kipanya kisicho na waya hakifanyi kazi pale kinapohitajika. Tumechagua barua zenye sababu tofauti, kwa kuwa dalili hufanana ilhali tiba si moja. Tunaposema diski ya uokoaji tunamaanisha CD, DVD au flashi unayoiwashia kompyuta ili kurudisha bakapu, Windows yenyewe ikiwa imelala.

Kibodi inaandika kwenye BIOS, lakini programu ya bakapu ikifunguka inakufa

*Habari za kazi. Nina kompyuta ya mezani ya Intel kizazi cha 6, niliinunua ikiwa imeshatumika. Kibodi na kipanya ni vya bila waya, vyenye risiva moja ndogo ya USB. Nikibonyeza F12 menyu inakuja na naweza kuchagua flashi ya uokoaji. Dirisha la programu ya bakapu likifunguka tu, kibodi na kipanya vinakufa vyote. Flashi hiyo niliitengeneza zamani kwenye kompyuta yangu ya Windows 7. Je, ninunue kibodi nyingine? — Msomaji, Morogoro*

Usinunue. Kibodi yako ni nzima, na ushahidi umeutoa mwenyewe: F12 ilikubali. Kasoro iko kwenye flashi.

Kompyuta inapowaka, matundu ya USB hupita mikono miwili. Kwanza yanashikwa na BIOS, programu ya msingi iliyomo kwenye ubao mama, ambayo kwenye kompyuta za sasa huitwa UEFI, nayo ina draiva (programu ya kuendesha kifaa) yake ndogo ya kibodi. Risiva ya 2.4 GHz hujitambulisha kwake kama kibodi ya kawaida ya USB. Mambo ya redio BIOS haiyajui wala haiyahitaji, kwa sababu kibodi na risiva viliunganishwa kiwandani, na kumbukumbu ya muungano huo imo ndani ya vifaa hivyo vyenyewe. Kisha mfumo ulio kwenye flashi unaanza, BIOS inaachia USB, na mfumo huo unatakiwa kuipokea kwa draiva zake wenyewe. Usipokuwa nazo, kibodi huzimika palepale.

Flashi yako imejengwa juu ya Windows PE 3, toleo dogo linalotokana na Windows 7. Halina draiva ya kidhibiti cha USB 3, kile kinachoitwa xHCI. Zamani hilo halikusumbua mtu, maana kompyuta zilikuwa pia na kidhibiti cha USB 2 kiitwacho EHCI. Mwaka 2015 Intel walipotoa chipseti za mfululizo wa 100 pamoja na prosesa za kizazi cha 6, waliondoa EHCI. Kwenye kompyuta yako kila tundu, hata lile jeusi la USB 2, linapitia xHCI. Kwa hiyo hata kibodi ya waya ya USB ingekufa vilevile, na pesa yako ingepotea bure.

Tiba ni kutengeneza flashi upya. Pakua toleo jipya la programu ileile ya bakapu, ufungue sehemu yake ya kutengeneza diski ya uokoaji, uchague msingi wa Windows 10 au 11. Draiva ya USB 3 imo ndani ya Windows PE tangu ile ya Windows 8. Kama kompyuta yako haiwaki, flashi itengenezwe kwenye kompyuta ya jirani, haina shida. Bakapu yenyewe usiiguse. Kwa kawaida toleo jipya la programu husoma bakapu za toleo la zamani, lakini kabla ya kufuta chochote fungua bakapu hiyo kwenye programu mpya na utazame faili mbili tatu.

Kama huna subira, angalia nyuma ya kompyuta: ukiona tundu la duara la PS/2, la zambarau au lenye rangi mbili, kibodi ya zamani ya PS/2 itafanya kazi hata kwenye flashi hiyo ya Windows 7. Ichomeke kompyuta ikiwa imezimwa. PS/2 haikuundwa kuchomekwa umeme ukiwa umewaka. Baadhi ya ubao mama wa miaka ile pia zina kipengele cha BIOS kiitwacho "Port 60/64 Emulation", ambacho huifanya kibodi ya USB ionekane kama ya PS/2. Kikiwepo, kiwashe ujaribu.

Kwa wasomaji wengine wenye dalili hii, swali la kwanza liwe moja: kibodi inafia wapi? Ikikataa tangu kwenye BIOS, tafuta tatizo kwenye risiva, betri, tundu au mpangilio wa BIOS. Ikikubali kwenye BIOS na kufia ndani ya diski ya uokoaji, tatizo ni draiva za diski hiyo. Kuchanganya hatua hizi mbili ndiko kunakowafanya watu wabadilishe betri mara nne kwa kosa ambalo betri haihusiki nalo.

Kibodi ya Bluetooth haionekani kabisa

*Hamjambo. Kibodi yangu ni ya Bluetooth, haina risiva. Ndani ya Windows inaenda vizuri sana. Nikitaka kuwasha kompyuta kwa flashi ya bakapu, hakuna kitufe kinachojibu, si F12, si Delete. Je, kuna draiva ya Bluetooth naweza kuiweka kwenye flashi? — Msomaji, Mombasa*

Hapana, na ni bora ulijue leo kuliko siku ya msiba. Bluetooth haina risiva inayobeba kumbukumbu ya muungano. Ulipoiunganisha kibodi na kompyuta, vifaa hivyo viwili vilikubaliana ufunguo wa siri, na upande wa kompyuta ufunguo huo ulihifadhiwa na Windows ndani ya rejista yake (hifadhi ya mipangilio), kwenye tawi la BTHPORT. BIOS za kompyuta nyingi hazina programu ya kuendesha redio ya Bluetooth, na hata zingekuwa nayo, ufunguo hazina. Windows PE nayo haiji na huduma za Bluetooth. Kwa hiyo toka unapobonyeza kitufe cha kuwasha mpaka dirisha la kurudisha bakapu, kibodi yako haina wa kuzungumza naye.

Kompyuta za Apple ni tofauti. Pale Apple walitengeneza kompyuta na kibodi pamoja, na kibodi yao ya Bluetooth iliyokwisha kuunganishwa hukubali mapema wakati wa kuwaka. Hata hivyo, Magic Keyboard ikichomekwa kwa kebo yake hugeuka kibodi ya USB ya kawaida, na hiyo ndiyo njia tunayoipendekeza unapofanya uokoaji.

Usidhani kila kibodi ya Bluetooth yenye tundu la kuchajia hufanya hivyo. Nyingi kebo yake hupitisha umeme peke yake. Jaribu hivi: zima Bluetooth ndani ya Windows, chomeka kebo, andika. Isipoandika, kebo hiyo ni ya chaji tu.

Baadhi ya kibodi zina njia mbili, Bluetooth na risiva ya 2.4 GHz, zenye vitufe vya kuchagua kifaa 1, 2 au 3. Kama yako ni ya aina hiyo, iunganishe na risiva kwenye kitufe kimoja na ukiache kitufe hicho kwa kazi ya BIOS na uokoaji. Kama si ya aina hiyo, nunua kibodi ya waya ya bei ya chini kabisa dukani na uifunge pamoja na flashi yako. Haihitaji taa wala vitufe vya muziki.

F12 haijibu, lakini herufi zinaandika

*Kibodi yangu ndogo yenye kipanya cha kugusa pembeni inaandika nywila ya BIOS vizuri, ila F12 au F9 hazileti menyu ya kuwashia flashi. — Msomaji, Kampala*

Kibodi nyingi ndogo zisizo na waya hutoka kiwandani vitufe vya juu vikiwa vya sauti, mwanga na muziki. Unapobonyeza F12 inayotumwa ni amri ya sauti, na BIOS haiielewi. Bonyeza Fn pamoja na F12. Kwenye kibodi nyingi, Fn pamoja na Esc hugeuza mpangilio huo ubaki hivyo.

Pia hakikisha unabonyeza kitufe sahihi. Menyu hiyo ni F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP (au Esc kwanza kisha F9), F11 kwa ubao mama wa MSI, F8 kwa ubao mama wa Asus na Esc kwa laptopu zake nyingi. Kwa Acer ni F12, lakini mara nyingi imezimwa. Ingia BIOS kwa F2 uwashe "F12 Boot Menu". Usikishikilie kitufe. Kigonge mara mbili kwa sekunde tangu unapowasha, kwa sababu kibodi isiyo na waya husinzia ili kuokoa betri na pigo la kwanza huishia kuiamsha tu.

Kipanya kinaruka na herufi zinapotea nikichomeka diski ya nje

*Shikamooni. Bakapu yangu iko kwenye diski ya nje ya USB 3. Diski ikiwa haijachomekwa, kipanya ni laini. Nikiichomeka tu, kipanya kinakwamakwama, na nikiandika jina la folda herufi moja inajirudia mara kumi au haitoki kabisa. Naogopa kuendelea, isije bakapu ikaharibika. — Msomaji, Kigoma*

Marahaba. Bakapu yako haiko hatarini kwa sababu hiyo, ila una haki ya kuogopa, maana kitufe cha Enter kinachojirudia chenyewe kwenye dirisha la kuchagua diski ni hatari ya kweli.

Chanzo ni redio. USB 3 hupitisha data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na mawimbi ya mwendo huo huvuja kama kelele pana inayofunika eneo la 2.4 mpaka 2.5 GHz. Kibodi na kipanya chako vinaongea humohumo. Intel walichapisha maelezo ya jambo hili mwaka 2012, wakaonyesha kelele ikitoka kwenye tundu, kwenye kebo na kwenye kifaa chenyewe. Risiva ikiwa tundu la jirani na diski, sauti hafifu ya kibodi humezwa kabisa. Taarifa ya "kitufe kimeachiwa" ikipotea njiani, kompyuta hudhani bado umekibonyeza, ndiyo maana herufi zinajirudia.

Dawa ni umbali. Tumia kebo ya kurefusha USB 2 ya mita 1 hadi 1.5, chomeka risiva mwisho wake na uilaze mezani karibu na kibodi, mbali na diski na kebo yake. Bila kebo hiyo, weka risiva upande wa pili wa laptopu, au kwa kompyuta ya mezani risiva mbele na diski nyuma. Diski zenye kebo fupi au hafifu huvujisha zaidi. Kubadilisha kebo tu wakati mwingine hutosha.

Ukikosa vyote, chomeka diski ya nje kwenye tundu la USB 2. Kelele itaisha kabisa, lakini mwendo utashuka mpaka karibu megabaiti 35 kwa sekunde. Bakapu ya gigabaiti 300 itachukua saa mbili na nusu hivi. Kwa diski ya kawaida kwenye USB 3, inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde, kazi hiyohiyo ni chini ya saa moja. Kwenye maeneo ya umeme wa mashaka, saa moja na nusu ya ziada si jambo dogo.

Kurejesha kukishaanza, na mstari wa maendeleo ukitembea, kibodi haihitajiki tena. Ng'oa risiva, weka kando. Hakuna kitufe cha bahati mbaya kitakachosimamisha kazi. Angalia tu using'oe diski ya nje kwa makosa. Tumesisitiza hapa kwa makusudi, maana plagi hizo mbili hukaa jirani.

"Bonyeza kitufe chochote" inapita kabla kibodi haijaamka

*DVD ya uokoaji inaandika kwamba nibonyeze kitufe chochote ili iwake, nabonyeza Enter kama mwendawazimu, inapita na kurudi kwenye Windows iliyoharibika. — Msomaji, Arusha*

Ujumbe huo hukaa sekunde tano hivi. Katika sekunde hizo risiva inapaswa kutambuliwa na kibodi iwe imeamka. Kwenye kompyuta zinazochelewa kuamsha USB, muda hautoshi.

Njia rahisi ni kuacha DVD na kutumia flashi, kwa sababu ujumbe huo ni wa CD na DVD. Flashi iliyotengenezwa vizuri huwaka moja kwa moja. Ukilazimika kubaki na DVD, unaweza kuiunda upya bila ujumbe. Kwa kompyuta za BIOS ya zamani, futa faili la bootfix.bin lililo ndani ya folda ya boot kabla ya kutengeneza picha ya ISO, yaani faili moja lenye diski nzima. Kwa UEFI, unapoendesha oscdimg, programu ya kutengeneza ISO, tumia faili la efisys_noprompt.bin badala ya efisys.bin, yote mawili yanakuja na vifaa vya Windows ADK. Kumbuka tu kwamba DVD ya aina hiyo ikibaki ndani, kompyuta itaiwasha kila mara.

Kama hata vitufe vya kuingilia BIOS havishiki, shuku "Fast Boot". Ikiwa imewashwa kwa kiwango cha juu, ubao mama hauamshi USB mpaka Windows ianze. Windows ikiwa bado inawaka, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike:

shutdown /r /fw /t 0

Kompyuta itajizima na kuingia BIOS yenyewe. Zima "Fast Boot", hakikisha "Legacy USB Support" na "XHCI Hand-off" zimewashwa, hifadhi, toka. Windows ikiwa haiwaki kabisa na BIOS haiingiliki, kwa kompyuta ya mezani kinachobaki ni kuchomoa waya wa umeme na kutoa betri ndogo ya CR2032 kwa dakika chache ili BIOS irudi kwenye hali ya kiwandani. Kabla hujaitoa, uwe na ufunguo wa BitLocker mkononi kama diski imefungwa, kwa sababu mabadiliko ya BIOS huweza kuufanya uulizwe. Baada ya hapo rekebisha tarehe, na kama diski zilikuwa katika hali ya RAID au AHCI (mpangilio wa diski ndani ya BIOS), zirudishe hivyohivyo. Ukikosea hapo, Windows iliyorejeshwa haitawaka hata kama bakapu ni kamilifu.

Je, ni kweli Windows 11 iliua kibodi zote za USB?

*Nilisikia sasisho la Windows lilizima kibodi kwenye sehemu ya ukarabati. Nitajuaje kama langu limeathirika? — Msomaji, Dodoma*

Ni kweli, na halikuhusu kibodi zisizo na waya peke yake. Sasisho la tarehe 14 Oktoba 2025, namba KB5066835, lilifanya kibodi na vipanya vya USB visifanye kazi ndani ya WinRE, yaani mazingira ya ukarabati yaliyomo kwenye diski ya kompyuta, kwa Windows 11 matoleo ya 24H2 na 25H2 pamoja na Windows Server 2025. Ndani ya Windows yenyewe vilifanya kazi kama kawaida, ndiyo maana wengi hawakugundua. Microsoft walitoa marekebisho tarehe 20 Oktoba 2025, namba KB5070773, na masasisho yaliyofuata yanayo.

Usiishie kutazama orodha ya masasisho. Jaribu. Andika reagentc /info ndani ya dirisha la amri la msimamizi uone kama WinRE imewashwa, kisha andika:

reagentc /boottore

Zima na uwashe. Kompyuta itaingia WinRE. Tembeza mishale, fungua dirisha la amri ndani yake, andika maneno mawili, kisha chagua kuendelea na Windows. Dakika tano zinatosha. Kama kibodi haijibu, bonyeza kitufe cha umeme mpaka izime; ikiwaka tena, kwa kawaida itarudi kwenye Windows, nawe utasasisha.

Wakati ule waliosalimika walikuwa na skrini ya kugusa, kibodi ya PS/2, au flashi ya uokoaji iliyotengenezwa mapema. Hiyo ya tatu inapatikana kwa kila mtu. Tafuta "RecoveryDrive" kwenye menyu ya Windows, chomeka flashi ya gigabaiti 32 isiyo na kitu unachokihitaji, maana itafutwa yote, na ufuate maelekezo. Mazingira yaliyo ndani ya kompyuta na yaliyo kwenye flashi ni vitu viwili. Kimoja kikiharibika, kingine bado kipo.

Clonezilla haina kipanya

*Nimewasha Clonezilla, kibodi isiyo na waya inakubali lakini mshale wa kipanya hauonekani. Draiva gani inakosekana? — Msomaji, Mwanza*

Hakuna kinachokosekana. Clonezilla, programu ya kunakili na kurudisha diski, hutumia skrini za maandishi na haihitaji kipanya. Mishale ya juu na chini husogeza, Space huweka alama ya nyota, Tab hukupeleka kwenye kitufe cha kukubali, Enter huthibitisha. Wengi hubonyeza Enter bila Space kwenye orodha ya diski, wakakuta hawajachagua chochote au wamechagua ile isiyotakiwa. Soma ukubwa na jina la diski kwenye mstari wenyewe, usitegemee sda na sdb, majina ambayo Linux huzipa diski. Herufi hizo huweza kubadilika ukichomeka flashi kwenye tundu jingine.

Linux yenye diski iliyofungwa, na risiva ya Unifying

*Niko masomoni Muscat. Natumia Debian, diski nzima nimeifungia nywila. Baada ya kurudisha bakapu kwenye kompyuta nyingine, skrini ya nywila inakuja lakini kibodi ya Logitech haiandiki. Kibodi ya waya inaandika. — Msomaji, Muscat*

Risiva ya Unifying huendeshwa kwenye Linux na moduli (draiva) ya hid-logitech-dj, iliyoingia kwenye kerneli, kiini cha Linux, tangu toleo la 3.2. Skrini ya nywila huonekana kabla diski haijafunguliwa, kwa hiyo moduli zilizopo ni zile tu zilizofungashwa ndani ya initramfs, mfumo mdogo unaoanza kabla ya diski kufunguliwa. Kama mpangilio wako ni MODULES=dep, Debian ilifungasha moduli za kompyuta ya zamani peke yake. Ingia kwa kibodi ya waya, uangalie:

lsinitramfs /boot/initrd.img-$(uname -r) | grep logitech

Isipoonyesha kitu, fungua faili la /etc/initramfs-tools/modules, ongeza mistari miwili, hid-logitech-dj na hid-logitech-hidpp, kisha endesha sudo update-initramfs -u. Ukiwa humo, weka MODULES=most ndani ya /etc/initramfs-tools/initramfs.conf kabla ya kuendesha amri hiyo. Initramfs itakuwa kubwa kidogo, lakini bakapu yako itawaka kwenye karibu kompyuta yoyote utakayoirudishia, na hilo ndilo lengo la kuwa nayo.

Laptopu: kibodi yake inaandika, sehemu ya kugusa imekufa

*Ndani ya flashi ya bakapu kibodi ya laptopu iko sawa, lakini sehemu ya kugusa haisogezi mshale. Kipanya cha risiva kinafanya kazi. — Msomaji, Eldoret*

Basi tumia kipanya hicho umalize kazi. Sababu ni kwamba kibodi ya laptopu nyingi imeungwa ndani kwa mfumo wa PS/2, ambao kila diski ya uokoaji inaujua. Sehemu ya kugusa ya laptopu za miaka hii imeungwa kwa njia ya I2C, nayo kwenye kompyuta za Intel huhitaji draiva ya Intel Serial IO ambayo Windows PE mara nyingi haina.

Ukitaka kuiweka, pakua draiva hiyo kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, uifungue mpaka uone faili lenye mwisho wa .inf, uiweke kwenye C:\draiva. Tengeneza folda tupu ya C:\mount. Nakili faili la boot.wim, lenye Windows PE yenyewe, kutoka folda ya sources ya flashi mpaka C:\kazi, kisha ndani ya dirisha la amri la msimamizi:

dism /Mount-Image /ImageFile:C:\kazi\boot.wim /Index:1 /MountDir:C:\mount

dism /Image:C:\mount /Add-Driver /Driver:C:\draiva /Recurse

dism /Unmount-Image /MountDir:C:\mount /Commit

Rudisha boot.wim kwenye flashi juu ya ile ya zamani, ukiwa umeihifadhi ya zamani kwa jina jingine. Draiva iwe ya biti 64 kama Windows PE yako ni ya biti 64. Ukisahau /Commit mwishoni, kazi yote inapotea. Na folda ya C:\mount isiwe imefunguliwa kwenye dirisha lolote wakati wa amri ya tatu, vinginevyo itakataa kufunga. Kwa jaribio la haraka bila kugusa flashi, unaweza ukiwa ndani ya Windows PE kuandika drvload ukifuatisha njia ya faili la .inf, itadumu mpaka utakapozima.

Shule yenye kompyuta 20

*Mimi ni mwalimu wa TEHAMA. Maabara yetu ina kompyuta 20 zenye kibodi zisizo na waya za aina moja. Siku ya kurejesha bakapu, kompyuta moja inaandikwa na kibodi ya jirani. Nifanyeje? — Msomaji, Tanga*

Mwalimu, risiva zenu zimechanganyika. Kila risiva inaijua kibodi yake tu, na kwa macho zote ni sawa. Kusanya zote, chomeka moja baada ya nyingine kwenye kompyuta moja, tafuta kibodi na kipanya chake, kisha andika namba ileile kwa rangi ya kucha kwenye risiva, chini ya kibodi na chini ya kipanya. Ndani ya diski ya uokoaji huwezi kuunganisha upya risiva za aina nyingi, kwa kuwa programu ya kazi hiyo inahitaji Windows kamili. Risiva za Unifying na Bolt za Logitech hukubali vifaa mpaka 6 kila moja na zinaweza kuunganishwa upya. Risiva nyingi za seti za bei nafuu zikipotea, kibodi yake haitumiki tena.

Kwa maabara ya ukubwa huo tunashauri kibodi mbili za waya na vipanya viwili vya waya, vikae kabatini pamoja na flashi mbili za uokoaji. Mara moja kila muhula, na kila baada ya kusasisha programu ya bakapu, washa flashi kwenye kompyuta moja ya kila aina mliyonayo. Nenda mpaka dirisha linaloorodhesha bakapu, fungua bakapu moja, soma jina la faili, uzime bila kurejesha. Wakati huohuo jaribu herufi @ kwa kuiandika: diski za uokoaji mara nyingi huja na mpangilio wa kibodi wa Marekani, ambapo Shift na 2 hutoa @, na kwa mpangilio wa Uingereza hutoa alama ya kufungua maneno. Nywila ya bakapu yenye alama hiyo itakataliwa mara kumi, na utadhani bakapu imeharibika ilhali ni kitufe kimoja tu. Kwenye Windows PE amri ya wpeutil SetKeyboardLayout 0809:00000809 huleta mpangilio wa Uingereza. Iandikeni kwenye karatasi na muibandike kwenye boksi la flashi, pamoja na nywila za BIOS kama sera ya shule inaruhusu.